Hofu ya Watu Wanne

Tusekile alikaa kwenye kiti chake cha kona, akawapa mgongo wenzake kama kanuni ilivyotaka, akamsikiliza Ipyana akimimina chai. Alikuwa amechoka kabla kazi haijaanza. Siku hizi aliamka amechoka na kulala amechoka, na katikati ya hapo alibeba hofu za watu.

"Dada Tuse, umekula leo?" Ipyana aliuliza nyuma yake.

"Nimekunywa uji."

"Uji tu? Utakuja kututapikia humu ndani tukose pa kukaa."

"Nikitapika kitakuwa cha kwako, si changu."

Mezani wakacheka, maana walijua anasema kweli. Ipyana, mchomeleaji mwenye mdomo usiopoa, alikuwa na hofu ya tumbo. Hofu ya Gwakisa, mkuu wa zamu, ilikaa magotini. Ya Lugano, fundi wa vali, ilikausha ulimi. Ya mzee Anyelwisye, mpimaji wa gesi, siku zote ilikuwa ndogo, mwasho tu wa viganja, kwa sababu mzee alishaona mengi. Wenyewe wasingeyajua haya kama Tusekile asingewaambia. Tangu waingie kwenye Chama cha Mvuke, kilichosimamia visima, hawakuwahi kukaa na hofu zao muda wa kutosha wakazifahamu.

Lugano aliinuka kuja kumfunga bamba. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kwenye shingo ya Tusekile, na alifunga kwa upole kuliko wengine, kwa kuwa alikuwa mtoto wa dada yake. Dada alifariki Lugano akiwa hajaota meno, na ni Tusekile aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

"Limekaa, mama mdogo?"

"Limekaa. Nenda ukanywe chai."

Bamba lenyewe lilikuwa kipande cha chuma chembamba, upana wa kiganja cha mtoto, likifungwa kisogoni kwa mkanda. Watu wa mteremko wa Itembelo hawakulibuni wao. Lililetwa na wataalamu miaka ile anga lilipofunikwa na vumbi la juu, jua likapungua nguvu, na migomba ya Rungwe ikaanza kufa wima mashambani. Visima vya mvuke ndivyo vilivyowaokoa watu. Mvuke ulipasha nyumba za joto, nyumba za joto zikazaa ndizi na maharage, na watoto wakaendelea kuitwa kula. Lakini kisima cha mvuke kinaua pia, na kamati za visima zilikuwa hazielewani. Mwoga alikataa kila kitu, jasiri alikubali kila kitu, na katikati yao wengine walifuata aliyepiga kelele zaidi. Kisima cha kwanza cha Itembelo kililipuka kamati ikiwa bado inatukanana.

Wataalamu waligundua kwamba hofu ina njia yake mwilini, na kwamba ikikingwa pale kisogoni inaweza kuchotwa. Shida ikawa pa kuipeleka. Walijaribu kuiingiza kwenye mashine, ikawarudia wenyewe walipolala, tena imeongezeka. Walijaribu kuizima kabisa, na wale waliozimwa wakatia mikono kwenye maji ya moto wakiwa wanaongea. Mwishowe wakakiri kwamba hofu inahitaji mwili wa mtu, na kwamba mtu mmoja anaweza kubeba ya wengine ilimradi yeye asiamue chochote. Hivyo ndivyo kazi ya mbeba ilivyozaliwa. Mbeba alipokea tetemeko bila sababu yake. Alijua kwamba mtu fulani anaogopa na anaogopa kiasi gani, lakini hakujua anaogopa nini.

Kwa hiyo mbeba hakuwa na kikombe mezani wala ruhusa ya kusema. Nani angemsikiliza mtu aliyejaa hofu za watu wanne? Hata Tusekile mwenyewe alipoanza kazi aliona kanuni hiyo ina akili.

"Haya," Gwakisa alisema. "Tuanze. Mzee, tupe habari."

Mzee Anyelwisye alikohoa. Vali ya juu imekwama, alieleza, ukoko wa madini umeijaza kama sufuria ya ugali isiyooshwa. Presha inapanda tangu jana. Kuna njia mbili tu. Ya kwanza, mtu ashuke kwenye shimo la vali, chini ya kichwa cha kisima, aifungue vali ya chini kwa mkono ili mvuke utokee bondeni. Wakifanikiwa, kisima kinapona. Mashine haiwezi kwenda, gesi ya kule chini inakula nyaya. Ya pili, wajaze kisima tope zito na saruji kabla ya jioni. Hapo hakuna mtu atakayeumia, ila kisima kitakuwa kimekufa moja kwa moja.

"Na kikifa?" Ipyana aliuliza, ingawa alijua.

"Mteremko wote unahama," Gwakisa alisema. "Nyumba za joto zitapoa, migomba itaanguka. Watu washuke Kyela wakaombe pa kulala kwa watu ambao nao hawana."

Hofu zikaanza kuja. Magoti ya Tusekile yalilegea ingawa alikuwa amekaa. Tumbo likajikunja, uji ukapanda hadi kooni akaumeza. Yote hayo alikuwa ameyazoea. Alishika ukingo wa kiti akapumua kama alivyofundishwa, taratibu, akiangalia ukuta uliokuwa na doa la unyevu.

"Gesi shimoni ikoje?" Gwakisa aliuliza.

"Nilichungulia asubuhi," alisema mzee. "Si mbaya. Ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni utafanya kazi. Kumetulia, kwa kweli."

Aliposema neno hilo la mwisho, viganja vya Tusekile vikashika moto.

Haukuwa ule mwasho wa siku zote. Vidole vilijikunja vyenyewe na kugoma kufunguka, na maumivu yakapanda mpaka kwenye viwiko. Kwa muda wote aliombeba mzee huyu, hata siku ile bomba lilipopasuka likapita karibu na kichwa chake, hakuwahi kupokea kitu cha namna hii. Nyuma yake mzee Anyelwisye alikuwa anakoroga chai. Kijiko kiligonga kikombe polepole, mkono wa mtu asiye na shaka na jambo lolote.

Mwili wa mzee ulikuwa unajua kitu ambacho mzee mwenyewe hakukijua.

"Nani anashuka?" Gwakisa aliuliza.

"Mimi," alisema Lugano. "Pale penye vali panapita mtu mwembamba. Ipyana hawezi na hilo tumbo."

"Tumbo hili limenigharimu, usilidharau."

"Ipyana anishikie kamba. Nusu saa nimerudi."

Ulimi wa Tusekile ulikauka kidogo, kiasi cha fundi anayekwenda kwenye kazi ngumu anayoiweza. Lakini juu ya ukavu huo kikaja kitu kingine, kizito, kikamkaa kifuani. Kifuani hapakuwa pa mtu yeyote mezani. Alijaribu kukisukuma kando akisikilize cha mzee peke yake, akashindwa, maana vilikuwa vimeshachanganyika. Akajiuliza swali ambalo mbeba hapaswi kujiuliza. Je, viganja hivi vinaungua kwa sababu ya kile alichokiona mzee? Au ni yeye, mama mdogo wa mtu, aliyesikia mtoto wake anashuka shimoni na sasa anatafuta hofu ya mtu mwingine ya kujifunikia?

Hakujua. Hilo ndilo lililomtesa. Kama angejua kwamba ni ya mzee, angekuwa na haki hata mbele ya Chama. Kama ni yake, basi angekuwa anaua kisima cha watu wote kwa sababu ya mtoto mmoja.

"Vikombe," Gwakisa alisema.

Kamati ya Itembelo ilipiga kura kwa vikombe vya chai. Anayekataa alikipindua kikombe chake juu ya meza. Anayekubali alikiacha kilivyo. Kikombe kimoja tu kikipinduliwa, kazi inasimama, hata kama wengine wote wanaitaka. Waliona huo ndio ungwana, mtu yeyote aweze kuwazuia wenzake bila kulazimika kubishana. Mwaka wa kwanza wa kazi yake Tusekile aliusikia mlio wa kikombe karibu kila shauri. Baadaye ukaja mara mojamoja. Sasa hakukumbuka lini aliusikia mara ya mwisho. Kila mmoja aliwaona wenzake wametulia, akadhani utulivu wao unatokana na kufikiri, naye akatulia zaidi. Hivyo ndivyo walivyompeleka marehemu Asegelile, mchomeleaji aliyekuwapo kabla ya Ipyana, kwenye bomba ambalo mtoto mdogo angelikimbia. Walimzika wakiwa watulivu sana. Tusekile ndiye aliyelia siku ile, akalia kwa niaba ya kamati nzima.

Alisikiliza. Hakuna kikombe kilichogonga meza.

"Imepita," alisema Gwakisa.

Viti vikavutwa. Sasa walikuwa wanakuja kumgusa. Desturi ilitaka kila mmoja aweke kiganja mgongoni mwa mbeba na kusema "ndaga", ambalo kwa Wanyakyusa ni asante na pole kwa pamoja. Mkono wa mwisho ukishagusa, shauri limefungwa, na hofu haziwarudii tena wenyewe. Kulivua bamba kabla ya hapo kuliitwa kumwaga. Mbeba aliyemwaga alifukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba zenye joto. Tusekile alimfahamu mmoja wa kisima cha ng'ambo. Siku hizi mwanamke huyo anaishi kwenye banda la kukaushia chai.

"Ndaga, Dada Tuse," alisema Ipyana, akagusa.

"Ndaga," alisema Gwakisa.

"Ndaga, mama mdogo." Lugano hakuondoa mkono upesi. "Mbona umelowa hivi? Jasho limepita mpaka kwenye sweta."

Nyayo za mzee Anyelwisye zilikuwa zinakuja, mguu mmoja ukiburuta. Tusekile alijiambia avumilie. Alijiambia kwamba watu wote wa mteremko wanakula kutokana na kisima kile, na kwamba Lugano ni fundi mzuri, pengine atashuka na kupanda salama akicheka. Alijiambia yote hayo huku vidole vyake vilivyojikunja vikipanda vyenyewe kisogoni kutafuta kifungo cha mkanda.

Akalivua.

Hofu ilirudi kwa wenyewe kwa mkupuo. Gwakisa alianguka kwa magoti pale alipokuwa, akashika mguu wa meza. Ipyana alikimbilia ndoo ya maji machafu akatapika chai yote. Lugano alijishika koo, akataka kusema, akashindwa kwa ukavu wa kinywa. Walikuwa watu wazima wenye kazi za hatari, na hawakuwa na uzoefu wa kuogopa kuwazidi watoto wa shule ya chekechea.

"Umefanya nini?" Gwakisa alifoka kutoka chini. "Tusekile! Umemwaga! Unajua ulichofanya?"

"Najua."

"Umetumaliza! Chama kitakufukuza, na sisi pamoja na wewe! Nani atatuelewa?"

"Gwakisa, kaka yangu, mwangalie mzee kwanza."

Mzee Anyelwisye alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha mbele, vidole vimejikunja. Aliitazama mikono ile kama ya mtu mwingine.

"Dimbwi," alisema.

"Dimbwi gani?"

"Lile la chini ya shimo. Kwenye sakafu, penye ufa. Siku zote linachemka. Tangu nianze kazi hapa linatoa mapovu. Asubuhi nimechungulia, halikuwa na povu hata moja. Maji yametulia tuli. Nimeliona kwa macho yangu haya, nikasema moyoni, afadhali, leo kumetulia. Nikaondoka."

Ipyana alijifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Gesi haiishi," mzee aliendelea, sasa akilia bila aibu. "Kama haipiti kwenye ufa, imepata njia nyingine. Iko nyuma ya ukuta. Imejaa nyuma ya ukuta wa lile shimo, na mtu akiifungua vali ya chini, ule mshtuko... Mungu wangu. Nilikuwa nampeleka huyu mtoto. Nilikuwa nampeleka na nimekunywa chai."

Tusekile alitaka kumshika mkono, lakini miguu yake ilikuwa myepesi mno, akaogopa kusimama. Mwili wake ulikuwa karibu mtupu. Hakuna tumbo la Ipyana wala magoti ya Gwakisa. Alitazama ndani yake kama mtu anayekagua chumba wageni walipoondoka, aone wameacha nini.

"Una hakika, mzee?" Lugano aliuliza. Sauti yake ilikwaruza. "Hakika kabisa?"

"Sina hakika, mwanangu. Pengine ni ukoko tu umeziba ufa. Siwezi kujua mpaka ukuta upasuke."

"Basi inawezekana ukuta ni mzima."

"Inawezekana."

"Na mimi naweza kushuka. Naogopa, sikatai, hii miguu siielewi, lakini naweza kushuka. Nikienda polepole, nikaifungua robo robo..."

"Lugano," Tusekile alisema.

"Mama mdogo, usiseme kitu. Umeshasema vya kutosha bila kufungua mdomo."

Gwakisa alijiinua kwa kushika meza. Alikuwa mtu wa sura nzuri ya uongozi, na ilikuwa vigumu kumtazama akiwa hivyo. Akapanga upya vikombe vilivyokuwa vimesogea, kimoja mbele ya kila mtu.

"Tunarudia," alisema. "Bila bamba. Na wewe Tusekile, geuka. Njoo ukae huku."

"Sina kikombe."

Gwakisa alitafuta, hakikupatikana cha tano. Akafungua chupa ya chai, akampa kifuniko chake.

Safari hii hawakunyamaza. Walibishana mpaka Ipyana akatukana na kuomba radhi. Gwakisa alisema wazi kwamba anaogopa kufukuzwa kuliko anavyoogopa gesi, na kwamba anaona haya kulisema. Ipyana alisema mama yake mzazi yuko kitandani katika nyumba ya joto ya tatu na hatafika Kyela akiwa hai, na kwamba hata hivyo hawezi kumshikia mtu kamba akimpeleka kwenye ukuta ule. Lugano alisema kisima hiki alikisikia kikivuma tangu akiwa mgongoni mwa mama mdogo, na hakuna hata mmoja hapa anayejua ukuta una nini, kwa hiyo wanakiua kwa kudhani. Mzee Anyelwisye hakutoa hoja yoyote. Alisikiliza, akanyoosha mkono wake uliojikunja, akakipindua kikombe.

Kile kimoja kilitosha. Lakini Ipyana naye akapindua, halafu Gwakisa. Tusekile akapindua kifuniko chake, na chai iliyobaki humo ikamwagika mezani. Kikombe cha Lugano kilibaki kimesimama.

Nje watu walishaanza kukusanyika getini. Walikuwa wameona vipimo vya nyumba za joto vinashuka na hakuna mtu aliyewaambia kitu. Kelele zao zilifika mpaka ndani. Gwakisa alivaa koti lake la kazi, akafika mlangoni, akarudi. Alimvuta Tusekile pembeni, bamba likiwa mkononi.

"Dada yangu. Nibebee hii moja tu. Nikiongea nao tu, halafu unanirudishia. Siwezi kusimama mbele ya wale watu hivi nilivyo. Unaniona."

Tusekile alimwonea huruma kwa kweli. Ilikuwa rahisi kukubali, kuinamisha kichwa na kufungwa kama siku zote. Alikuwa na miaka mingi ya kusema ndiyo kwa jambo hili hili.

"Nenda nayo," alisema.

"Watanirushia mawe."

"Pengine. Nenda nayo, Gwakisa. Wale nao wanaogopa. Ukienda umetulia watadhani huwajali."

Alimfuata mpaka barazani akasimama nyuma yake. Gwakisa alishika nguzo ya geti kwa mkono mmoja. Alianza na maneno ya kiofisi, presha na vali na maamuzi ya kamati, watu wakaanza kuzomea. Jiwe moja likagonga bati. Kisha mwanamke mmoja wa makamo, mwenye kanga ya zamani kichwani, alisogea karibu na wavu.

"Wewe Gwakisa, mbona unatetemeka? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa ukuta wa shimo umejaa gesi. Naogopa tukikiacha kisima hiki kitalipuka, na tukikizika mtakufa kwa baridi. Tumechagua kukizika. Sijui kama tumechagua vizuri."

Zomeazomea ilififia kutoka mbele kwenda nyuma. Yule mwanamke alimtazama kwa muda, juu hadi chini.

"Basi ni kweli," alisema bila ukali. Akageuka, akaanza kuita watoto kwa majina, na wengine wakaanza kuulizana nani ana toroli, nani atambeba nani, mgonjwa gani atangulizwe. Wapo waliolia na wapo waliotukana. Lakini waliondoka pamoja, na wagonjwa wa nyumba ya joto ya tatu ndio walioondolewa kwanza.

Lugano alikuwa ameshafika kwenye kichwa cha kisima. Alikuwa ameiwasha pampu ya saruji na anavuta mpira wake mnene, ule unaotakiwa kushikwa na watu wawili kwa sababu saruji ikianza kupita unaruka huku na huku. Alikuwa anauvuta peke yake, kwa hasira, ukimburuta. Tusekile alimkaribia akasimama pembeni bila kugusa kitu.

"Nataka kukuuliza jambo moja," Lugano alisema bila kumtazama. "Ulipolivua lile bamba. Ulijua kuhusu dimbwi?"

"Sikujua. Nilijua mikono ya mzee inaungua. Sababu sikuijua."

"Basi ulilivua kwa sababu ya mikono ya mzee."

Hapo palikuwa na mlango, na Lugano alikuwa ameushikilia wazi. Tusekile angepita tu. Chama kingeamini, mteremko ungeamini, na Lugano angeendelea kumwita mama mdogo bila kinyongo. Alitafakari, akaona amechoka mno kubeba na hilo.

"Zenu zilipoondoka zote," alisema, "nilibaki na moja. Ilikuwa kifuani. Ilikuwa kubwa kuliko zenu nne ukizijumlisha. Ilikuwa ya kwangu, na ilikuwa juu yako."

Lugano aliacha kuvuta mpira.

"Kwa hiyo kama mzee asingeona lolote," alisema polepole. "Kama ukuta ungekuwa mzima na dimbwi linachemka vizuri, na mimi nimesema nashuka..."

"Ningelivua."

"Kisima ni cha watu wote, mama mdogo."

"Najua."

"Mimi nilikuwa tayari. Hata uliponirudishia hofu yangu nilikuwa tayari."

"Najua, mwanangu. Nilikiona kikombe chako."

Macho ya Lugano yalijaa machozi, na Tusekile hakuweza kujua kama ni ya hasira au ya kupendwa. Alizoea kujua. Alizoea kuyasikia mambo ya mtoto huyu kwenye ulimi wake mwenyewe, na sasa ilimbidi amtazame usoni na kukisia kama watu wengine.

Pampu ilikohoa. Saruji ya kwanza ikaingia, mpira ukaruka na kumpiga Lugano kwenye paja, akayumba. Tusekile alitupa shali yake chini, akaukumbatia mpira kwa mikono yote miwili mbele ya Lugano. Ulikuwa mzito, wa baridi, na ulitetemeka mpaka kwenye meno.

"Ushike chini zaidi," Lugano alisema kwa sauti ya fundi. "Hapo utakushinda."

Akashusha mikono. Wakausukuma pamoja mpaka mdomoni mwa kisima, wakauinamisha, na chini kabisa mvumo ambao Lugano aliusikia tangu akiwa mgongoni ukaanza kupungua. Hakuna aliyesema ndaga. Walikuwa na saruji nyingi ya kumimina, na jioni ilikuwa inakaribia.